Hoja ya Watoto wa Digidigi

Katika bonde moja lenye mikuyu na mininga, wanyama walikubaliana kuwasomesha watoto wao pamoja. Walifikia hapo baada ya kiangazi kikali, walipoona kwamba mtoto asiyejua kusoma nyayo huliwa mapema, na asiyejua kuhesabu siku hafiki majini kwa wakati. Shule zikafunguliwa chini ya miti 12, na juu ya shule zote ikawekwa Ofisi ya Elimu ya Bonde. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Tembo. Karani wa masijala alikuwa Kobe.

Tembo hakuogopa kusikia habari mbaya, na kwa mkuu wa ofisi hiyo ni sifa kubwa. Alimpa Kobe daftari lenye jalada gumu akamwambia, "Mzee Kobe, mwalimu yeyote akiona jambo haliendi, aliandike humu. Ijumaa tutakaa tulisome." Likaitwa Daftari la Hoja. Lilikuwa na safu tano: hoja yenyewe, aliyeileta, chanzo chake, anayeishughulikia, na ya mwisho, nyembamba kuliko zote, ya tarehe ya kurudi kutazama kama kilichofanyika kimesaidia.

Siku moja Bi Kanga, mwalimu wa darasa la pili, aliandika kwamba ana watoto 14 wa digidigi, lakini kila Jumatatu huwaona watatu au wanne tu. Jumanne wote wapo.

Kwenye kikao cha Ijumaa kila mmoja alikuwa na jibu lake. Ngiri alisema wazazi wa digidigi ni wazembe. Sungura, afisa takwimu, akapendekeza faini, na faini ikapitishwa: mzigo mmoja wa majani mabichi kwa kila mtoto asiyefika. Jumatatu nne zikapita. Kobe akafungua ile safu nyembamba akasoma kwa sauti: waliofika, watatu. Tembo akauliza, "Nani kati yetu amewahi kuipita njia ya digidigi siku ya Jumatatu?"

Hakuna aliyewahi. Basi Kobe akaenda mwenyewe, akatoka Jumamosi ili Jumatatu imkute njiani. Akakuta kwamba Jumatatu ni siku ya gulio kule kwenye magadi. Wanyama wazima hushuka kwa wingi, na fisi hujilaza kandokando ya njia wakisubiri mabaki. Nyumbu akipita fisi hawanyanyui hata shingo. Mtoto wa digidigi, ambaye hafiki goti la pundamilia, hawezi kupita. Mama zao walikuwa wakiwazuia nyumbani kwa makusudi na kulipa faini bila ubishi, kwa sababu majani huota tena.

Ijumaa iliyofuata hoja ikaandikwa upya. Palipokuwa na "uzembe wa wazazi" pakaandikwa "fisi njiani siku ya gulio". Faini ikafutwa, na majani yaliyokwisha kutozwa yakarudishwa kwa wenyewe. Watoto wakubwa wa nyati, waliotoka upande huohuo wa bonde, wakapewa kazi ya kutembea na digidigi wakiwa wamewaweka katikati. Kobe akaandika tarehe ya kurudi. Ilipofika, waliokuwapo darasani walikuwa 13, na yule mmoja alikuwa na homa. Bi Kanga akapelekewa jibu palepale darasani kwake, mbele ya walimu wenzake, na kuanzia wiki ile wenzake nao wakaanza kuandika.

Nimeisimulia hoja hii kwa urefu kwa sababu ndiyo mfumo wa ubora wenyewe, mzima, ukiwa kazini. Wataalamu huuita mzunguko wa kupanga, kutenda, kukagua na kurekebisha. W. Edwards Deming, ambaye jina lake huhusishwa na mzunguko huo, aliwafundisha Wajapani mbinu za udhibiti wa ubora mwaka 1950. Kiwango cha ISO 9001, kilichotolewa kwanza mwaka 1987 na kupitiwa upya mwaka 2015, kimefungwa kwenye mzunguko huo, na mwaka 2018 kikaja ISO 21001, mahsusi kwa taasisi za elimu. Ofisi za elimu zinazoomba hati za viwango hivyo husumbuka sana na nyaraka, miongozo na michoro ya taratibu. Vyote hivyo vina kazi yake, lakini kazi hiyo huanza pale mtu anapotoka ofisini kwenda kuiona njia.

Sifa za ofisi ya Tembo zikafika kwa Korongo, ndege wanaokaa Ulaya kiangazi cha huko na kuja kwetu kunapokuwa na baridi kwao. Wao walikuwa wameona ofisi nyingi. Wakakagua, wakaridhika, wakatoa hati ya miaka mitatu kwa sharti kwamba kila mwaka watapita kuangalia, na mwaka wa tatu watakagua upya kila kitu. Kwa kawaida ndivyo zinavyokwenda hati za ISO. Hati ikatundikwa kwenye shina la mkuyu.

Mwaka huohuo Tembo akapata uhamisho. Makabidhiano yakachukua asubuhi moja. Vigogo vya kukalia, tisa. Mihuri, miwili. Funguo za ghala. Mzinga mmoja wa asali ya wageni. Nyati, mkuu mpya, akavihesabu kimoja kimoja akaweka alama ya kwato. Daftari la Hoja halikutajwa na yeyote, kwa kuwa halikuwa kwenye orodha ya mali.

Nyati alikuwa mchapakazi. Alifika ofisini kabla ya jua na alitaka kuona matokeo. Wiki ya kwanza Sungura alimletea lile daftari akamwambia, "Mkuu, humu mna hoja 41 zisizofungwa. Wale Korongo wakizikuta watasema ofisi imeoza mikononi mwako." Daftari likapanda juu ya rafu. Badala yake zikatengenezwa fomu, na kila mwalimu akatakiwa kujaza 11 kwa mwezi, yenye mwisho mwema ikipewa alama ya kijani.

Bi Kanga aliendelea kuandika ukweli. Akaitwa.

"Bi Kanga, shule 12, walimu wote hawana tatizo. Mbona wewe tu?"

"Mkuu, digidigi wameacha tena kuja Jumatatu."

Ilikuwa kweli. Wale watoto wa nyati waliokuwa wakiwasindikiza walikuwa wamemaliza shule. Kazi ile walipewa wao kwa majina yao, na hakuna aliyefikiria nani atairithi, kwa sababu hakuna aliyeifungua tena safu nyembamba. Ndani ya wiki mbili Bi Kanga alipangiwa shule ya mti wa mwisho, kule bonde linakokwisha. Walimu waliobaki wakaelewa. Kwenye kila fomu, mahali pa hoja, wakaandika "Hakuna".

Nimeikuta hali hii katika simulizi za watumishi wengi wa elimu, na nadhani ndipo mahali mifumo hufia. Tanzania imejitahidi kwa miaka mingi. Fomu za OPRAS za kupima utendaji kazi, zilizoingia katika utumishi wa umma mwaka 2004, zilikusudiwa kuwa mazungumzo ya mwaka mzima kati ya mtumishi na msimamizi wake. Wengi walizifahamu kama karatasi za kujazwa mwezi Juni, na sasa nafasi yake imechukuliwa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioweka elimu katika sekta za kwanza na kuzipanga shule kwa ufaulu wake. Mpango ule ulitikisa nchi kwa muda, kisha uongozi ukabadilika mwaka 2015 na sauti yake ikapungua. Mwaka 2017 ukaguzi wa shule uliacha sura yake ya kipolisi na kuwa Uthibiti Ubora wa Shule, pamoja na kiunzi kinachoitaka shule ijitathmini yenyewe kabla mgeni hajafika. Hatua hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo mthibiti ubora yuko chini ya Wizara ya Elimu, ilhali shule na walimu wake wanasimamiwa na halmashauri, chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Tatizo huandikwa katika nyumba moja na dawa yake hukaa katika nyumba nyingine. Asipokuwepo wa kuvuka ua na taarifa mkononi, akarudi tena baada ya mwezi kuuliza limefikia wapi, taarifa hulala kwenye jalada ikiwa imeandikwa vizuri kabisa. Na mkuu wa shule au afisa elimu akihamishwa katikati ya safari hiyo, mrithi wake huanza na vigogo na mihuri.

Mwaka wa tatu Korongo wakarudi, na safari hii aliyewaongoza alikuwa Bibi Korongo, mkongwe aliyekuwa amechoka na fomu za kijani. Sungura alikuwa hajalala siku mbili, lakini majalada yalikuwa yamepangwa sawasawa.

"Nioneshe hoja moja iliyofunguliwa mwaka huu," Bibi akasema.

"Hatuna, Bibi," Nyati akajibu, tena kwa fahari, kwa kuwa ndivyo alivyoamini.

"Shule 12, mwaka mzima, hakuna kilichoharibika?"

Hakusubiri jibu. Jumatatu alfajiri alikuwa darasa la pili. Akahesabu digidigi wawili. Akaomba daftari la mahudhurio, akakuta wamewekewa alama zote 14. Akafunua mbele kidogo. Jumanne nayo ilikuwa imeshawekewa alama, na wino ulikuwa mmoja.

Hati ikashushwa mkuyuni mchana uleule.

Baraza lililofuata lilianza kwa kelele. Nyati aliwashutumu walimu kwa kumficha. Ndipo Kobe aliposhusha daftari la zamani kutoka kwenye rafu, pembe yake moja imeliwa na mchwa, akaisoma hoja ya digidigi kuanzia kwa Bi Kanga, ikapitia faini, fisi, gulio, mpaka kwa wasindikizaji.

"Watoto wetu?" Nyati akauliza. "Watoto wa nyati ndio waliokuwa wakiwasindikiza?"

"Ndio, Mkuu."

"Mbona sikuambiwa?"

Wote wakatazama chini. Ngiri, ambaye zamani alilaumu wazazi, ndiye aliyesema, "Uliambiwa, Mkuu. Bi Kanga alikuambia."

Kesho yake Nyati alitembea kutwa nzima hadi mti wa mwisho. Hakumwita Bi Kanga, alimfuata. Alikaa nyuma ya darasa mpaka kipindi kilipokwisha, ndipo akasema, "Nimekuja kusoma ulichoandika." Bi Kanga akamletea fomu zake zote, na zote zilikuwa na hoja. Wakazisoma mpaka giza likaingia, na mbili kati yake zilimhusu Nyati mwenyewe. Naiona hiyo kuwa siku kubwa kuliko ile ya kutolewa hati, ingawa hakuna aliyeipigia ngoma.

Yaliyobadilishwa hayakuwa mengi. Usindikizaji ukawa jukumu la darasa la sita la kila mwaka, lipokelewe siku ya kufungua shule, badala ya kuwa la watoto fulani. Daftari likapewa watunzaji wawili, Kobe na kijana mmoja wa kwale aliyeandika kwa haraka, ili siku Kobe akiumwa Ijumaa isipotee. Ikakatazwa hoja kufungwa na ofisi. Atakayetamka kwamba imekwisha ni yule aliyeileta. Fomu 11 zikawa mbili. Sungura hakufukuzwa, kwa maana alikuwa hodari wa hesabu na alikuwa amefanya kile ofisi ilichompongeza kwacho. Alitakiwa tu kuhesabu darasani, siku asiyoitangaza, akiwa na mzazi mmoja pembeni yake. Na Daftari la Hoja likaandikwa namba moja kwenye orodha ya makabidhiano, juu ya vigogo.

Korongo walipopita tena walikuta hoja 23 ziko wazi. Bibi Korongo alizisoma zote, akauliza juu ya tatu, akapelekwa kuziona. Hati ikarudi.

Kisha uhamisho ukaja tena, na Twiga akawasili kumpokea Nyati. Ilikuwa asubuhi, na Twiga alitarajia kumaliza kabla ya jua kali. Alianza kutafuta mihuri. Nyati akamwomba akae kwanza, akafungua daftari na kuanza kusoma, hoja moja moja, nani kaileta, imefikia wapi, lini kurudi. Kufikia saa sita walikuwa kwenye hoja ya tisa: vitabu vya kusoma vya shule ya mti wa mwisho, kimoja kwa watoto wanane.

"Hii ni ya zama zako," Twiga akasema. "Mimi nitaanza na za kwangu."

"Nilipoikuta ilikuwa ya zama za Tembo," Nyati akamjibu. "Bi Kanga bado anavisubiri."

Kijana wa kwale akamsogezea Twiga kalamu. Twiga akainamisha shingo, akaisoma tena hoja yenyewe polepole, akaandika jina lake kwenye safu ya nne, kisha akauliza shule ile iko umbali gani na Ijumaa ijayo ni tarehe ngapi. Nyati akamwambia. Wakafungua hoja ya kumi.