Namna ya Kuwapiganisha Ali na Stevenson Kijiweni

Kupigisha pambano ambalo halikupigwa hakuhitaji promota, ukumbi wala kibali cha kamisheni. Kunahitaji benchi, birika la kahawa, watu wanne wenye sauti, na mmoja aliye tayari kunyamaza ili awe mwamuzi. Huyo wa mwisho ndiye adimu. Asipopatikana, ahirisheni hadi kesho. Muhammad Ali na Teófilo Stevenson wamesubiri tangu mwaka 1976, siku moja zaidi haitawadhuru.

Kazi ya kwanza ni kumtuliza mtu wa Tyson. Kila kijiwe kina wake. Kabla kahawa haijamiminwa atakuwa amekwishatangaza kwamba Mike Tyson angemlaza Ali raundi ya pili. Mjibu kwa upole na kwa tarehe: pambano la mwisho la Ali lilipigwa Desemba 1981 kule Bahamas, dhidi ya Trevor Berbick, na siku hiyo Tyson alikuwa kijana wa miaka 15. Hawakuwahi kuwa mabondia wa zama moja. Hiyo ni ndoto, na kila mtu ana haki ya ndoto zake. La Ali na Stevenson ni jambo jingine kabisa. Wote wawili walikuwa mabingwa wa uzito wa juu kwa wakati mmoja, mmoja katika ngumi za kulipwa na mwenzake katika ngumi za ridhaa, na fedha zilikuwa mezani. Kilichokosekana ni saini. Ndiyo maana pambano hili linastahili kupigishwa kwa adabu.

Sasa mtambulishe Stevenson, kwa kuwa Ali hahitaji utambulisho. Alizaliwa Machi 1952 huko Puerto Padre, mashariki mwa Cuba, mtoto wa mhamiaji aliyetoka kisiwa cha Saint Vincent. Wasikilizaji wakianza kupiga miayo, wapeleke moja kwa moja Munich, kwenye Olimpiki ya mwaka 1972. Marekani ilikuja na Duane Bobick, mwanajeshi wa majini, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amemshinda Stevenson kwenye Michezo ya Pan American. Wakakutana tena robo fainali. Hapa simama, usiwe na haraka, eleza mikono. Mkono wa kushoto wa Stevenson ulikuwa mrefu na hautulii: unanyooka, unagusa paji la uso la mpinzani, unarudi nusu, unanyooka tena, unapima umbali. Wa kulia umekaa kando ya kidevu, kimya. Mpinzani anauzoea ule wa kushoto, anaanza kuupangua, na hapo ndipo wa kulia unapotoka, mfupi na ulionyooka, bila kuaga. Raundi ya tatu Bobick alikwenda chini mara tatu na refa akamaliza kazi. Kwenye nusu fainali zamu ikawa ya Peter Hussing wa Ujerumani Magharibi, ambaye baadaye alisema hajawahi kupigwa ngumi nzito namna ile. Fainali haikupigwa, kwa sababu Ion Alexe wa Romania alikuwa ameumia mkono. Stevenson alipewa dhahabu akiwa na miaka 20.

Akaichukua tena Montreal mwaka 1976, na tena Moscow mwaka 1980. Kabla yake hakuna bondia aliyewahi kutwaa dhahabu tatu za Olimpiki katika uzito uleule.

Kufikia hapo mtu atauliza kwa nini hakwenda kuchuma fedha. Swali hilo lijibiwe kwa makini kuliko mengine yote, kwa sababu ndipo vijiwe vingi vinapoharibika. Cuba ilipiga marufuku michezo ya kulipwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ili apigane na Ali kwa mkataba wa kawaida, Stevenson alipaswa kuihama nchi yake. Mapromota wa Marekani walimtajia mamilioni ya dola. Kulizungumzwa hata mpango wa kulikatakata pambano kuwa vipande vya raundi tatu tatu ili abaki bondia wa ridhaa, lakini haukufika popote. Yeye mwenyewe alijibu kwa kuuliza: dola milioni ni nini mbele ya mapenzi ya Wacuba milioni 8?

Usimruhusu mtu acheke hapo. Atakayesema alilazimishwa, mkumbushe kwamba Stevenson alisafiri nje miaka mingi, Ulaya na Amerika, na kila safari alirudi nyumbani. Atakayesema alikuwa mjinga, mwulize basi amwiteje Ali, ambaye mwaka 1967, akiwa na miaka 25 na miguu yake ikiwa bora kuliko ya bondia yeyote wa uzito huo, alikataa kwenda jeshini kwa ajili ya vita vya Vietnam. Akavuliwa mkanda, akanyimwa leseni, akakaa miaka mitatu na nusu bila kupigana. Ulingoni unawaweka wanaume wawili ambao kila mmoja alipoteza utajiri kwa neno moja, hapana. Anayetaka kumshangilia mmoja kwa msimamo wake na kumdharau mwenzake kwa msimamo uleule hana kiti kwenye benchi hili. Nalisema hilo kwa uchungu, maana nimelisikia mara nyingi, na linamnyima Stevenson kitu cha pekee alichokuwa ameamua kukilinda.

Ukishaweka heshima, weka tarehe. Wapenzi wa Ali watakuletea Novemba 1966, usiku alipomchakaza Cleveland Williams mjini Houston. Kataa. Stevenson alikuwa na miaka 14. Upande wa pili utakuletea Oktoba 1980, wakati Larry Holmes alipompiga Ali mpaka kona yake ikasalimu amri. Kataa pia, tena kwa ukali zaidi, maana usiku ule haukupaswa kuwapo kabisa. Dirisha la haki ni jembamba: linafunguka fainali ya Montreal inapokwisha, tarehe 31 Julai 1976, na linafungwa Februari 1978. Mimi napendekeza Desemba 1976. Stevenson ana miaka 24 na hajawahi kuwa bora zaidi. Ali anakaribia kutimiza miaka 35, mkanda uko kiunoni, na miezi mitatu nyuma amemshinda Ken Norton uwanja wa Yankee kwa kadi nyembamba mno: majaji wawili 8 kwa 7, refa 8 kwa 6 na raundi moja sare. Waliokuwa pale wengi waliamini Norton ndiye aliyeshinda.

Tarehe ikikubalika, tabu halisi inaanza: raundi ngapi? Hili lisipoamuliwa mapema mtabishana hadi muuza kahawa akusanye vikombe. Stevenson alipigana maisha yake yote raundi tatu. Ali alikuwa akitetea ubingwa kwa raundi 15. Kati ya 3 na 15 kuna raundi 12 ambazo Stevenson hakuwahi kuziona, dakika 36 za ngumi. Hakuna mtu ajuaye mapafu yake yangefanya nini raundi ya tisa, lakini tunao mashahidi, na wanapaswa kuitwa mmoja mmoja.

Shahidi wa kwanza ni Bobick. Baada ya Munich aliingia ngumi za kulipwa akashinda mapambano 38 mfululizo. Kisha Mei 1977 akakutana na Norton, yuleyule aliyekuwa amemvunja Ali taya mwaka 1973, na akamalizwa katika sekunde 58. Upande wa Ali utapiga makofi: kumbe huyo Bobick hakuwa kitu! Waache wapige, kisha mwite shahidi wa pili, John Tate. Stevenson alimlambisha sakafu raundi ya kwanza kwenye nusu fainali ya Montreal. Miaka mitatu baadaye Tate huyohuyo alikwenda Pretoria, akamshinda Gerrie Coetzee kwa raundi 15 na kuvaa mkanda wa dunia wa WBA. Makofi yatahamia upande wa pili.

Shahidi wa tatu ndiye mzito zaidi, na mara nyingi husahaulika. Leon Spinks alitwaa dhahabu Montreal katika uzito wa chini ya ule wa Stevenson, kwa kumpiga Mcuba Sixto Soria. Tarehe 15 Februari 1978, akiwa na mapambano saba tu ya kulipwa, alipanda ulingoni Las Vegas na kumnyang'anya Ali ubingwa wa dunia kwa pointi baada ya raundi zote 15. Kwa hiyo yeyote anayesema bondia wa ridhaa hangeweza kustahimili safari ndefu na Ali, ajibiwe kwa jina hilo moja. Lakini haki itendeke: Ali wa usiku ule hakuwa amejiandaa, na Septemba mwaka uleule, alipojiandaa, aliurudisha mkanda kutoka kwa Spinks huyohuyo mjini New Orleans.

Kuna shahidi wa nne ambaye wapenzi wa Stevenson watataka kumficha. Igor Vysotsky wa Umoja wa Kisovieti alimshinda Stevenson mara mbili, mwaka 1973 na 1976. Hakuwa mrefu. Alikuwa akiingia ndani ya ile mikono mirefu na kukaa humo, akimnyima nafasi ya kuunyoosha mkono wa kulia. Ali alijua kuingia ndani, ingawa hakwenda kupigana, alikwenda kumshika mtu shingo, kumlalia na kumchosha.

Mahali pa kupigania pasikusumbue sana. Havana si haki kwa Ali, Las Vegas si haki kwa Stevenson. Mimi napenda Dar es Salaam, na sababu ipo. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Ali barani Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Tanzania. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye, akiona si heshima kutumiwa mwanamichezo kwa jambo la dola. Waandishi wa habari wakamwuliza Ali swali ambalo hakuwa amejiandaa nalo: Afrika iisusie Moscow kwa ajili ya Marekani, wakati Marekani haikusimama na Afrika iliposusia Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya Afrika Kusini? Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika mgomo ule, na mkimbiaji wake Filbert Bayi alibaki nje ya mashindano. Ali alikiri kwamba hakuelezwa habari hiyo. Baadaye alifika Nairobi, na Kenya ikasusia. Tanzania ilikwenda Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui wakaleta fedha mbili, ambazo mpaka leo ndizo medali pekee za Olimpiki nchi ilizowahi kupata. Katika michezo hiyohiyo ambayo Ali aliombwa kuizuia, Stevenson alitwaa dhahabu yake ya tatu. Hakuna mji mwingine ambako watu hawa wawili walikaribiana namna hiyo bila kukutana.

Akitokea mtu wa kusema walichukiana, mpeleke Havana mwaka 1996. Ali alikwenda na msaada wa dawa, ugonjwa wa Parkinson ukiwa umemfifishia sauti, na Stevenson ndiye aliyekuwa mwenyeji wake. Walitupiana ngumi za mzaha. Stevenson alifariki Juni 2012, Ali Juni 2016.

Haya, kengele. Raundi tatu za kwanza nampa Stevenson, zote. Huo ndio urefu wa maisha yake na hakuna aliyezijua dakika tisa kuliko yeye. Ali anazunguka taratibu kuliko zamani, anapima ule mkono wa kushoto, na raundi ya pili wa kulia unampata na kumkalisha. Anainuka. Aliinuka kwa Henry Cooper mwaka 1963, aliinuka kwa Joe Frazier mwaka 1971, hakuwahi kuhesabiwa mpaka kumi. Raundi ya nne anaanza kukumbatia. Ya tano na ya saba narudi kwa Stevenson, kwa ngumi safi. Kuanzia ya nane mkono wake wa kushoto unashuka inchi moja, kisha mbili, na Ali, ambaye amekuwa akizungumza naye tangu mwanzo kwa lugha ambayo Stevenson haifahamu, anaanza kupiga wa kwanza. Ya kumi na tatu Stevenson anaiiba kwa konde moja la nguvu zilizobaki. Nyingine zote ni za Ali.

Kadi yangu: Ali 9, Stevenson 6, raundi 15. Lipigwe kwa raundi tatu, Stevenson anashinda na sina wasiwasi wowote. Mwenye kadi tofauti ailete, ila aje nayo ikiwa imeandikwa tarehe na idadi ya raundi.