Maharage ya Pasaka

Maji ya baraka, koko yangu, bibi yangu wa Swima, aliyapangia bajeti kali kuliko ya chumvi. Kila Jumamosi Kuu alipeleka kanisani bido, yaani dumu, ya manjano ya lita 5, akaisogeza taratibu hadi karibu na miguu ya padiri, ili mshumaa wa Pasaka ukishazamishwa majini asikose fungu lake. Bido hiyo ilitakiwa kufika mpaka Pasaka nyingine. Kizibo kimoja cha chupa ya soda kwa mtoto mwenye homa. Viwili kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Nyavu za mjomba zilipewa kimoja usiku wa giza, mwezi ukiisha na wavuvi wakiwasha taa kuwaita ndagala. Nyoka akionekana chooni, kizibo kizima kilimwagwa mlangoni, na nyoka alitegemewa aelewe.

Kupima alijifunza katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Vita vilipoingia kwetu Fizi, mashariki ya Kongo, mwaka 1996 alivuka ziwa na sufuria moja na rozari, akaishi upande wa Kigoma miaka mingi akipimiwa unga, maharage na mafuta kwa kopo. Aliyewahi kupanga foleni ya kopo hamwagi kitu. Meli ilipomrudisha mpaka mji wa Baraka na akafika kijijini, aliulizia kengele ya kanisa kabla ya kuulizia mabati ya nyumba yake.

Kisha mjomba akaoa.

Bibi-arusi alitoka upande wa Nundu, kwa Wametodisti. Alikuwa mchapakazi asiyelala jua likimwona, lakini kwao hawaweki maji ya baraka nyumbani. Tena alikuwa amewasikiliza sana watu wa afya. Huku kwetu, kuanzia Uvira mpaka Fizi, kipindupindu kinaondoka na kurudi, na kila mama amefundishwa kwamba maji ya ziwa ni ya kufulia. Ya kupikia yatoke kwenye chombo safi chenye kifuniko. Jumanne ya Pasaka alizunguka nyumba nzima akaona chombo kimoja tu kilichotimiza masharti yote. Kilikuwa chini ya kitanda cha koko, kimefunikwa kitambaa cheupe.

Akapika maharage.

Haki yake apewe: yalikuwa maharage mazuri, yenye mawese mapya na pilipili ya kutosha. Tuliyala na bukari, ugali wetu, tukaongeza. Koko mwenyewe alisema binti anajua kupika. Alikuwa hajawahi kumsifu, na binti akalala na furaha yake.

Asubuhi mtoto wa jirani akaletwa na homa. Koko akainama chini ya kitanda.

"Nani aligusa mayi yangu?"

"Ni miye, Mama. Nilipikia maharage."

"Yote?"

"Na bukari. Na chai."

Koko aliketi kitandani, akafungua uchunguzi. Chai ilikuwa imekwenda ziwani na mjomba, ndani ya termosi. Maji ya kusuuzia sufuria yalimwagwa uani, kuku wakayanywa. Ukoko wa bukari aliulamba Komando, mbwa wa mjomba. Mengine yalikuwa matumboni mwetu, na nusu sufuria ilikuwa bado jikoni. Mtoto wa jirani alilishwa vijiko viwili vya mchuzi, halafu koko akambeba mwenyewe mpaka kituo cha afya.

Aliporudi alimkuta mkwewe, kwa aibu, anataka kumwaga maharage yaliyobaki. Koko akasimama mlangoni. Kitu kilichobarikiwa hakitupwi. Baadaye sana nilikuja kuona kwamba Roma ilikuwa upande wake: kanuni ya 1171 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka vitu vilivyobarikiwa kwa ajili ya ibada vitunzwe kwa heshima, visiingizwe katika matumizi ya kawaida, hata vikiwa mikononi mwa watu binafsi. Koko hakuwahi kuisoma.

Katekista akaitwa. Alifika, kwa desturi yake, saa ya chakula. Alifunua sufuria, akanusa, akatoa hukumu: maji yakishakuwa mchuzi baraka haichujiki tena, basi yaliwe yote, kwa sala, pasibaki punje. Akaketi kusaidia. Tulifanya ishara ya msalaba kabla ya kila sahani, na kwa kuwa maharage ni maharage, rozari ya usiku ule ilisaliwa kwa shida.

Kuku walihukumiwa kwa huruma. Mayai yao ya juma lile yalipelekwa kwa padiri. Kesi ngumu ilikuwa ya Komando. Koko aliamua kwamba mbwa aliyelamba Pasaka hapigwi, na Komando aliielewa sheria hiyo upesi kuliko Wakristo wengi ninaowafahamu. Kabla ya Pentekoste alikuwa amekula migebuka ya majirani, sabuni, na kiatu kimoja cha katekista. Watu walikuja na fimbo wakamkuta koko kizingitini. Migebuka ililipwa na mjomba, aliyesema heri ingebarikiwa mbuzi.

Wanaoona alizidisha kwa ajili ya lita 5 hawakumjua zamani. Tarehe 28 Novemba 1964, waasi walipowaua wamisionari Wasaveri Luigi Carrara na Vittorio Faccin pale Baraka, na Giovanni Didonè pamoja na abbé Albert Joubert kule Fizi, koko alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Mtoto yule alikufa katika miezi iliyofuata. Padiri hakuwepo, na koko alituambia alimzika bila hata tone la kumnyunyizia. Hakulirudia jambo hilo. Alianza tu kuwaomba msaada wale wanne, kila jioni baada ya rozari, na hakuacha. Kardinali Fridolin Ambongo alipowatangaza wenye heri mjini Uvira, tarehe 18 Agosti 2024, miguu ilikuwa haimbebi tena. Alisikiliza kwenye redio mpaka mwisho.

"Bamechelewa," akasema.

Mkwewe hakumgombeza hata siku moja. Alisema tumbo lake limekwisha kuwa la Kikatoliki, mengine yatafuata. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, koko alihesabu miezi kwa vidole kurudi nyuma mpaka Pasaka ile, akatosheka.

Alifariki bido yake ikiwa zaidi ya nusu. Sasa mke wa mjomba ndiye anayeipeleka kanisani, na ameiandika kwa rangi nyekundu: MAYI YA KOKO, USIPIKE. Nawe unayebeba bido yako kwenda Mkesha wa Pasaka, andika juu yake, tena mweleze mkweo ni ya nini kabla hajabandika maharage.