Sifa za Tochi

Kati ya Nyakanazi na Kasulu hakuna kifaa kinachotukanwa kama tochi. Dereva wa lori la maharage anaitukana, konda wa basi anaitukana, abiria aliyekuwa amelala anazinduka na kuitukana kabla hajajua kosa ni lipi. Wazee wa kanisa hawatukani, ila utawasikia wakiguna. Nimevumilia haya kwa muda, sasa nimeona si haki. Kitu kinachoshinda juani Jumatatu hadi Jumapili, hakidai posho, hakiombi likizo wala hakijawahi kugoma, kinastahili angalau mtu mmoja wa kukisemea. Wilaya ya Kakonko ina watu wengi wenye vipaji vya kusema kuliko mimi, lakini wengi wao wana magari.

Tochi ninayoisema si ya kumulikia chooni. Ni ile ya trafiki, anayoielekeza kwenye gari linaloteremka kilima, akabonyeza, na tarakimu zikajitokeza kwenye kioo kidogo upande wake. Elimu iliyomo ndani ni kongwe kuliko magari yenyewe. Mwaka 1842 Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria, alieleza jinsi wimbi linavyobadilika pale kinacholitoa kinapokusogelea au kukuacha. Mtoto yeyote wa Kabingo analijua hilo bila kumsoma Doppler: honi ya basi ikija hulia nyembamba, ikishapita inakuwa nzito. Tochi ya rada hurusha mawimbi yakagonga bodi la gari, na yakirudi husoma yamebadilika kiasi gani. Ya leza hutuma mianga mfululizo na kupima muda wa kwenda na kurudi. Iwe ya namna gani, kazi yake imekwisha kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki.

Sasa tuanze na jambo ambalo watukanaji wanalisahau: tochi haifiki mahali pasipo na lami. Sisi wa Buha, nchi ya Waha, tulikaa miaka mingi bila kosa la kuzidisha mwendo, na si kwamba tulikuwa watakatifu. Barabara ndiyo iliyokataa. Kiangazi ilikuwa vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno, masika ilikuwa tope, na basi lililokwama huko porini lilisukumwa na abiria waliolipa nauli kamili. Halafu kulikuwa na watekaji. Miaka ya 1990 na ile ya mwanzo ya 2000, vita vya Burundi na Kongo vilipotapanya bunduki mpakani, mabasi ya njia hii yalivamiwa mpaka ikawa kawaida kusafiri na askari mwenye silaha humo humo ndani. Siku hizo dereva akiona mtu anatoka kichakani na kitu cheusi mkononi, alikuwa na kila sababu ya kumwita Mungu. Leo anatoka mtu kichakani na kitu cheusi mkononi, hasara ni shilingi 30,000, tena unapewa karatasi. Asiyeona maendeleo hapo ana lake jambo.

Lami ilikuja vipande vipande. Kile cha Nyakanazi hadi Kabingo, kilomita 50, kilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Oktoba 2022 alipopita mkoani Kigoma. Kazi ya kutoka Kabingo kwenda Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 na ushei, ilipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wakandarasi walitangulia, Tanroads wakafuata na vibao, na vibao vilipokauka rangi tochi ikawa imeshawasili. Kakonko ilitengwa kutoka Kibondo ikawa wilaya mwaka 2012, ikapata mkuu wake wa wilaya na halmashauri yake, lakini mimi sikuiona imekua hadi niliposikia mtu amepigwa tochi Kakonko. Mahali ambapo huwezi kushtakiwa kwa kukimbia bado ni njia ya ng'ombe.

Wanasema trafiki wanajificha. Malalamiko haya yamefika hadi bungeni, na viongozi wamekemea zaidi ya mara moja. Naomba tufikiri pamoja. Mtu amevaa nyeupe tupu kuanzia kofia hadi suruali. Amewekwa kwenye kijani cha Kakonko, nchi ya migomba na mikaratusi. Atajificha wapi? Ukimwona nyuma ya mgomba, ujue ni jua kali. Ukimwona ameinama mtaroni, pengine amedondosha kalamu. Na yule mwenzake asiye na sare, aliyeketi kwenye jiwe kilomita moja nyuma, anayepiga picha gari lako na kuituma mbele kwa WhatsApp, huyo ni mpenda mandhari tu. Vilima vyetu ni vizuri, watalii wamechelewa kuvijua.

Wengine hudai kifaa hiki kilibuniwa na watu wasiopenda mwendo. Si kweli hata kidogo. Maurice Gatsonides, Mholanzi ambaye kamera za barabarani za nchi nyingi zinabeba kipande cha jina lake, alikuwa dereva wa mashindano na mshindi wa Monte Carlo Rally mwaka 1953. Alitengeneza kipimo chake ili ajue anapita kwenye kona kwa mwendo gani, apate kuongeza. Polisi walikuja kukipenda baadaye. Kwa hiyo dereva wa basi anayelaani tochi anamlaani mwenzake wa kazi.

Kabla ya Gatsonides mambo yalikuwa magumu zaidi. Januari 1896, kule Paddock Wood katika jimbo la Kent, Uingereza, bwana mmoja Walter Arnold alipita kijijini kwa maili 8 kwa saa mahali paliporuhusiwa maili 2. Polisi akamkimbiza kwa baiskeli karibu kilomita nane hadi akamtia mkononi. Faini ilikuwa shilingi moja, mbali na gharama za kesi. Maili 8 ni kama kilomita 13. Kijana wa Kakonko aliyefunga mikungu mitatu ya ndizi kwenye karia, akiachia breki mteremkoni, angeshtakiwa Kent kila siku ya gulio. Na mfikirie askari wetu akilifukuza basi la Mwanza kwa baiskeli hadi Nyakanazi! Tochi imewahurumia askari kuliko sisi.

Lakini sifa zake hazionekani vizuri vitabuni. Uzione barabarani, saa nne asubuhi, basi linapoingia kijijini kutoka Kasulu. Sheria inasema mabasi na malori mazito yasizidi 80, na kwenye makazi kibao kinasema 50. Ndani ya basi kuna kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwendo, kinalia kila dereva anapovuka kiwango. Amekizoea kama mtu anavyomzoea mke mwenye maneno. Nyuma yangu mama mwenye kuku chini ya kiti amelalamika tangu Kibondo: "Suka, mbona tunatambaa? Tutafika usiku?" Suka anakanyaga. Tunapita kibao. Mkono wenye glavu nyeupe unanyooka katikati ya barabara.

Dereva ana mvi. Askari ni kijana wa rika la mwanawe wa mwisho.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Habari za safari?"

"Nzuri, mkuu."

"Kosa lako unalijua?"

"Hapana, mkuu."

"Sitini na saba kwenye hamsini. Leseni."

Nani mwingine ameweza hili? Buha ni nchi ya salamu. Watu hapa huamkiana kwa kupiga makofi, wakaulizana za nyumbani, za watoto, za shamba, na hakuna anayeona amepoteza muda. Basi hupita katikati ya watu wa namna hiyo bila hata kupunguza. Tochi ndiyo inayolisimamisha, dereva anashuka na kuamkia, tena kwa heshima ambayo mkwewe hajawahi kuipata. Huku juu, mama wa kuku amesimama: "Si tulikwambia upunguze?" Basi zima linamuunga mkono. Ghafla watu hamsini wamekuwa wapenda sheria, na kuku naye anachangia.

Konda anashughulikia malipo kwa simu, kwa namba ya kumbukumbu, 30,000 inaingia serikalini bila kupitia mfukoni mwa mtu. Huo ndio utaratibu. Kuna madereva wengine husogea na afande nyuma ya basi wakazungumza kidogo mambo ya kifamilia, wakarudi wote wawili wamechangamka. Hayo sitayaingilia, kila mtu ana ndugu zake. Wakati huohuo biashara imefunguka madirishani: mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi mbivu, chupa za asali. Kabla ya tochi, basi lilikuwa likiwaachia wauzaji hawa moshi.

Na upendo! Msafiri anayetaka kuona Watanzania wanavyopendana asiende harusini. Apande lori la mihogo atoke Kakonko. Kila gari linalokuja mbele linapiga taa, mara mbili, mara tatu, na dereva anaonyesha kwa kidole chini: wapo hapo. Hamjuani, kabila hamuulizani, chama hamuulizani. Ametoka kuumizwa mwenyewe na bado anakuhurumia. Mhubiri gani amewahi kuwafanya watu wasiojuana watakiane mema kila baada ya dakika mbili? Kibao cha 50 peke yake hakiwezi. Kibao husomwa na wageni tu.

Nitataja pia usawa, ingawa hapa lazima niwe mwangalifu. Tochi haichagui. Toyota IST ya mwalimu, lori la tumbaku, Land Cruiser nyeupe ya mradi wa wafadhili yenye namba za DFP, zote zinasomwa kwa tarakimu zilezile. Namba za serikali zilizoandikwa STK zinasomwa vilevile. Anayechagua ni mshika tochi, na macho yake, nimeona, huchoka sana nyakati fulani za siku, hasa linapopita gari lenye bendera. Bodaboda nao wana nafasi yao: adhabu yao imeshapunguzwa kutoka 30,000 hadi 10,000, jambo linaloonyesha kwamba hata bei ya kufa imezingatia kipato cha mtu.

Hapo kwenye kufa ndipo nisingependa kukaa sana, lakini anayesifu kitu asifie kazi yake. Gari lililo kwenye 50 linakwenda mita 14 kwa sekunde moja. Kwenye 80 ni mita 22. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne, na dereva mwenye uzoefu wa miaka thelathini hana punguzo. Pembeni mwa lami yetu wanawake wameanika udaga wa mihogo, kwa sababu lami ni uwanja msafi na wa moto ambao serikali imetuletea bure. Mbuzi wamegundua jambo hilohilo. Watoto wa shule ya msingi wanatembea wawili wawili, watatu watatu, mmoja anamsukuma mwenzake, na daftari likianguka upande wa pili wa barabara litafuatwa. Kwa sekunde ambayo dereva anaangalia kama mgomba ule una mtu nyuma yake, ameshapita mita 22 za udaga na watoto.

Ndiyo maana nashangaa kidogo tu, kwa adabu zote, na hili lisihesabiwe kuwa ni kulaumu. Tochi ninazozifahamu hupenda miteremko mirefu isiyo na nyumba, mahali ambapo kibao cha 50 kimesahauliwa na mwisho wake haujaandikwa, na gari hupata mwendo bila kuombwa. Pale mavuno ni mazuri. Shuleni pana vumbi na kelele, na gari moja moja. Jioni tochi hurudi zake kituoni, wakati tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Kifaa chenye uwezo wa kumfanya mzee mwenye mvi aamkie kijana, kikaunganisha makabila na kufungua masoko, kinapoteza kipaji chake kwa kuvizia mteremko.

Ningekuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja pale kandokando ya barabara, ningeshaandika barua kwa mkuu wa usalama barabarani. Isingekuwa ndefu. "Tunaomba tochi moja. Isimame mbele ya shule, saa moja asubuhi watoto wanapoingia na saa nane mchana wanapotoka, mahali inapoonekana tangu mbali. Mwembe tunao, kivuli kipo, na kiti tutatoa. Chai ya afande tutaipika wenyewe, ile ya kwenye kikombe."