Mashine ya Mtu Mmoja

Shamba letu liko Ulaya. Ukilitamka hilo Dar es Salaam bila kufafanua, watu wanakusogezea kiti na kuanza kukueleza shida zao za ada. Ulaya yenyewe ni kata ya Wilaya ya Kilosa, njia ya kwenda Mikumi, na bodaboda wa huko hawadai pasipoti.

Tangu mjomba afariki, hakuna aliyeligusa kwa jembe. Mabingobingo yalikuwa yamempita mtu mrefu kimo. Mwenyekiti wa kitongoji akanipigia simu, mpole kama wanavyokuwa viongozi waliosoma sheria: "Mwalimu, lile eneo lenu limeanza kuonekana halina mwenyewe." Ujumbe ukafika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inahesabu miaka mitano ya kutotumika, kisha halmashauri ya kijiji inaweza kuanza kuiita ardhi yako iliyotelekezwa. Na kwa migogoro ya wakulima na wafugaji iliyopita Kilosa, pori lisilo na mtu halikai muda mrefu bila kupata wenyewe wapya.

Wazee walishauri kiberiti. Nikakataa, moto wa kiangazi haujui mpaka wa shamba, wala wa hifadhi. Nikawaza vibarua wa mafyekeo, ndipo shemeji yangu wa Mikumi alipocheka. "Vibarua wa nini, Mwalimu? Nina mashine. Ya mtu mmoja."

Ni kweli alikuwa nayo: magurudumu mawili ya meno, mikono ya kushikia kwa nyuma, injini ya petroli, na chini ya bati kisu kimoja kizito kinachozunguka. Huyo mtu mmoja sijui alikuwa nani, maana kuipandisha tu kwenye kirikuu kulihitaji vijana wanne na mpita njia aliyekuwa anakwenda zake msikitini.

Tulipofika, kijiji kizima kilikuwa na maoni. Kijana mmoja aliyewahi kushika msumeno wa mbao aliapa kwamba petroli ni lazima ichanganywe na oili, la sivyo injini itaungua. Fundi pikipiki akamjia juu: hii ina oili yake chini, sawa na bodaboda, ukichanganya utatufukiza moshi kama mbu. Kikao kikawa kirefu. Nikaagiza chai.

Hatimaye shemeji akavuta kamba, injini ikanguruma, na kwa muda mfupi wa raha lile jani likalala chini kwa ustaarabu. Watoto wakashangilia. Kisha mngurumo ukawa mzito, ukakwama, ukazima. Mkonge! Marehemu mjomba aliupanda kuonyesha mpaka, nao ukahamia ndani bila kuaga. Mjerumani Richard Hindorf alipouagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Nadhani yote 62 ina wajukuu shambani kwetu. Kisu kilikuwa kimeyachana majani, na nyuzi zikajisokota kwenye shafti hadi kikawepo kitonge cha katani kilichokaza kuliko fundo la gunia. Tukachomoa waya wa plagi, tukalaza mashine ubavu, tukaanza kukatakata kwa kisu cha jikoni. Bibi mmoja jirani alisimama pembeni akipokea kila uzi tuliotoa, akausokota papo hapo juu ya paja lake. Tulipomaliza alikuwa na kamba ya kufungia mbuzi, na akauliza kama tunaendelea, kwa sababu ana mbuzi wawili.

Tuliendelea. Sasa, mashine hiyo ina kishikio cha usalama: ukikiachia, kila kitu kinasimama. Shemeji aliona kinachosha vidole, akakifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hilo nililijua baadaye, baada ya upupu.

Anayefyeka kwa panga huuona upupu mapema akauzunguka. Mashine haizunguki kitu. Iliyameza maganda makavu yote, ikayasaga, ikampulizia mwenyewe vumbi lake la rangi ya dhahabu usoni, shingoni na ndani ya shati. Shemeji aliruka, akaachia mikono miwili akijikuna, akikimbilia jivu la jikoni kwa bibi. Mashine haikumsubiri. Ikashika njia peke yake, ikafyeka mstari ulionyooka kuliko wote aliokuwa amefyeka yeye, ikapita kati ya watazamaji waliotawanyika huku na huku, ikaparamia kichuguu, ikainua pua juu na kubaki pale ikinguruma magurudumu yakichimba. Mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuja kukagua kama eneo lina mwenyewe, alikuwa juu ya mwembe. Fundi pikipiki ndiye aliyejikaza akanyofoa waya wa plagi.

Kilichobaki kilifyekwa na vibarua kwa mafyekeo kabla jua halijatua. Kiongozi wao akaniletea hesabu kwenye kipande cha boksi: kufyeka, kushusha mashine kichuguuni, kuipandisha kwenye kirikuu, sabuni ya upupu, na mstari wa mwisho, "kukimbia, watu saba". Tulibishana sana kuhusu huo mstari. Nilimwambia kwamba mwenyekiti naye alikimbia na hajadai kitu. Akanijibu kwamba mwenyekiti hesabu yake ataileta mwenyewe.