Posa ya Laki Nne na Themanini

Shemeji yangu ana miaka thelathini na minane na hajaoa. Kwa hiyo aliponipigia Alhamisi usiku akasema, "Shem, Jumamosi usipange kitu. Kuna jambo kubwa, haliongeleki kwenye simu. Vaa vizuri," nilielewa nilichoelewa. Nikamuuliza kama niwahusishe wazee. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wazee ndio tunaowataka hasa."

Nikamwambia mke wangu. Mke wangu akamwambia mama yake, Mbagala. Mama mkwe akapiga kigelegele kwenye simu kikamwamsha mtoto, halafu akampigia shangazi yao aliyeko Tanga. Ijumaa adhuhuri shangazi alikuwa ameshakata tiketi ya basi.

Jumamosi nilishuka Kariakoo na kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya kuazima, na bahasha yenye elfu hamsini ya kifungua mlango. Shemeji alinipokea na suti. Akanitazama juu mpaka chini, akafurahi: "Umependeza, Shem. Watu wa heshima ndio wanaotakiwa." Tukapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, mimi nikipanga kichwani maneno ya kuombea binti wa watu. Mlango ukafunguka. Viti vya plastiki kama mia, spika mbili, na kijana anayedai kiingilio cha elfu tano. Nikaitoa kwenye bahasha ya posa. Hata hapo bado nilidhani ni kaka wa bibi harusi. Mila siku hizi zimebadilika.

Kisha akapanda jukwaani mzee mmoja akatangaza kwamba mguu wake wa kulia umekufa tangu Juni. Ukumbi ukapiga makofi. "Wa kushoto unakimbia," akasema, "lakini wa kulia naomba mniombee." Nikainua mikono kabisa nikaomba dua. Shemeji ndiye aliyeninong'oneza kwamba mguu ni safu ya watu unaowaingiza chini yako, kwamba kila mtu ana miguu miwili, na kwamba malipo hufuata ule ulio dhaifu. Nikashusha mikono. Hakukuwa na binti wa mtu.

Bidhaa zilikuwepo, tusidhulumiane: kahawa ya uyoga, dawa ya meno na chai ya kupunguza tumbo. Mama mmoja akauliza kama kahawa ile inafaa kwa presha. Inafaa. Kisukari? Inafaa. Maumivu ya mgongo? Hasa. Mwingine akauliza kama ni tamu ukiinywa asubuhi na chapati, na hapo ndipo mtoa mada alipokwama kwa mara ya kwanza. Bidhaa zilizungumzwa dakika kumi. Saa moja na nusu iliyobaki tulizungumza watu: unalipa laki nne na themanini, unaleta sita, kila mmoja wao analeta sita, wewe umelala na pesa inaingia.

Nisiseme uongo, nilitamani. Mtu akikushikia kipaza sauti mbele ya umati akakuuliza ndoto yako ni nini, husemi kwamba ni kulipa ada ya Januari bila kukopa. Nilisema nyumba Bagamoyo, inayotazama bahari. Watu wakanishangilia, na kwa muda wa kama dakika tano niliiona kabisa nyumba ile, mpaka vyungu vya maua barazani.

Nilirudi nyumbani na daftari la kuandika majina mia moja. Ndiyo kazi ya kwanza, eti mtaji wako ni simu yako. Nikaifungua. "Fundi Bomba Mwongo." "Gesi Mtaa wa Pili." "Baba Mwenye Nyumba." "Usipokee." "Usipokee 2." Nilipofika kwa marafiki wa kweli walikuwa kumi na mmoja, na wawili kati yao nawadai. Nikajaribu kuwaza nampigia mmojawapo, namwambia kuna jambo kubwa haliongeleki kwenye simu, naye anaacha shughuli zake anakuja na kanzu. Atakuja, sina shaka. Mara moja. Siku nikimpigia usiku nimekwama barabarani na mgonjwa, ataniuliza kwanza kama nina kahawa.

Mke wangu ni mweka hazina wa kikoba, kwa hiyo mambo ya aina hii hayasikilizi kwa moyo, huyasikiliza kwa kikokotoo. Sita, thelathini na sita, mia mbili kumi na sita. Alipofika ngazi ya nane alikuwa na watu 1,679,616. Akawajumlisha na wa ngazi zilizotangulia, akaniambia tumeshawapita Wazanzibari wote, maana sensa ya 2022 iliwahesabu 1,889,773. Ngazi ya kumi peke yake ikatoa 60,466,176. Tanzania nzima kwa sensa hiyohiyo ni 61,741,120. "Ukiwajumlisha wote," akasema, "tumeandikisha vichanga, tumeandikisha wafungwa, na bado milioni kumi na kitu tukawaombe Kenya."

Nikamwambia watu hawahesabu hivyo. Akaniuliza mwaka 2009 nilikuwa wapi. Nilikuwa hapahapa, nikisikia jina la DECI kila kona: unapanda mbegu, unasubiri, unavuna kuliko ulichopanda, na mavuno yenyewe ni mbegu za waliokuja nyuma yako. Serikali ikausimamisha mchezo huo, viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Nikajitetea kwamba kule hapakuwa na kitu kinachouzwa na hapa kuna kahawa.

"Sawa," akasema. "Hiyo kahawa, kuna mtu hata mmoja anayeinunua bila mpango wa kuja kuiuza?"

Nilifikiri mpaka usingizi ukanichukua.

Jumapili tukaenda Mbagala kuungama. Shangazi alikuwa ameshafika, ameketi katikati ya sebule na doti mpya ya kanga mapajani. Mama mkwe alikuwa amepika pilau. Shemeji akaingia, akatoa shikamoo zote zinazotakiwa, akakaa.

"Haya, umeshatoa kiasi gani?" mama mkwe akauliza.

"Laki nne na themanini, mama."

Kigelegele kikaanza. Shangazi akakikata kwa mkono.

"Na mke yuko wapi?"

Kimya kilichofuata kilivunjwa na shemeji mwenyewe, ambaye naona semina ilimwingia kweli. Akatoa daftari, akasogeza kiti. "Shangazi, kabla ya yote, hebu niambie. Ndoto yako ni nini?"

"Ndoto yangu ilikuwa wewe uoe."

Akaisikiliza biashara yote: miguu, ngazi, sita kwa sita, uyoga. Hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, shangazi akaiinua ile doti akaikunjua, akamwonyesha rangi na pindo.

"Hii niliinunua elfu kumi na tano kwa ajili ya mkeo. Mke hayupo, na nauli ya kurudi Tanga inanidai. Nipe elfu ishirini, uiweke mpaka atakapopatikana."

Shemeji akalipa, noti mbili za elfu kumi. Shangazi akazifunga kwenye pindo la kanga aliyovaa. Shemeji akamuuliza kama angependa kahawa.

"Chai," akasema.