Kero za Kuazima

Maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, yana kanuni moja ambayo haijaandikwa ukutani: mteja huingia na shida moja, hutoka na tatu. Ameingia kwa sababu simu yake huzima ghafla ikifika asilimia 30. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, simu moja mkononi na mbili mfukoni, wala hagusi habari za betri. Anauliza tu, "Bosi wangu, hii yako inapiga picha za usiku?" Mteja, ambaye usiku kazi yake ni kulala, anaingiwa na aibu. Kumbe miaka yote hiyo hajawahi kupiga picha gizani, na hakuna aliyemwambia! Robo saa haijapita, mazungumzo yamehamia kwenye kamera ya nne na kazi yake, na betri iliyomleta mjini imesahaulika, hata na mwenyewe. Hapo ndipo ugomvi wangu na biashara hii ulipo. Kifaa kipya kinastahili hela pale kinapoondoa kero uliyokuwa nayo kabla hujaona tangazo lake. Kero uliyogawiwa dukani ni ya kuazima, na nguo ya kuazima tunajua sote huwa haisitiri nini.

Kero ya kweli inajulikana kwa jina ambalo watu hukipa kifaa. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 bila kamera hata moja. Ilikuwa na tochi, vitufe vilivyofunikwa ili vumbi lisipenye, na betri ambayo mtu alisafiri nayo kwenda kijijini, akazika, akahani, akarudi mjini bila kumuuliza mtu kama ana chaji. Walioibuni walikuwa wamemfikiria mtu mwenye giza na vumbi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na huku kwetu lugha yenyewe ikatoa hukumu: Tanzania simu za namna hiyo zikaitwa vitochi, Kenya zikaitwa mulika mwizi. Hakuna aliyeziita kwa jina la chipu zake. Tazama pia mwaka 2007. Januari, jijini San Francisco, Steve Jobs alipanda jukwaani na iPhone ya kwanza, dunia ikashika mdomo. Machi, Kenya ikaanza kutumia M-Pesa, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikavuka mpaka kuja Tanzania. Muulize mama muuza mihogo ni lipi kati ya hayo mawili lililombadilishia maisha. Hatahitaji muda wa kufikiri. Na hilo lililombadilishia lilimkuta na kitochi chake mkononi. Lilikuja kupitia laini, likakaa kwenye simu ileile, likaondoa kero ya kumkabidhi kondakta wa basi bahasha ya hela kisha kushinda na tasbihi mpaka bahasha ifike. Kwa hiyo anayedai kwamba tusipofukuzia matoleo mapya tutaachwa nyuma na maendeleo, nina jibu lake: jambo kubwa kuliko yote katika historia ya simu za Afrika Mashariki lilitufikia tukiwa na simu za zamani.

Sasa weka kando ya hapo habari za kamera. Mwaka 2023 Samsung ilitoa Galaxy S23 Ultra yenye megapikseli 200. Namba hiyo inatisha kama bajeti ya kwanza ya kamati ya harusi, na kama bajeti hiyo, hupunguzwa siku ya shughuli. Usipoingia mwenyewe kwenye mipangilio, simu ile huunganisha vitone 16 kuwa kimoja ili inase mwanga vizuri, ikakupa picha ya megapikseli 12 hivi. Picha hiyo unaituma WhatsApp, inakobanwa tena ili isile bando, kisha shangazi anaipokea kwenye kioo kilichopasuka pembe tatu na kujibu, "Mashallah. Huyu ni nani?" Sisemi kamera nzuri ni upuuzi. Mpiga picha za harusi na dada anayeuza magauni mtandaoni wana kero ya kweli, tena wana daftari la mapato la kuithibitisha. Ninayemsema ni mtu ambaye picha zake 4,000 ni za risiti, za namba ya mita ya umeme na za dole gumba.

Kuna wanaoamini kwamba kiwanda hakiwezi kutengeneza kitu bila sababu. Hao wakumbushwe Juicero, mashine ya Kimarekani ya kukamua juisi iliyoingia sokoni mwaka 2016 kwa dola 699, baadaye ikashushwa hadi 399. Iliunganishwa na intaneti, na kazi yake ilikuwa kukamua pakiti maalumu za matunda na mboga zilizokwisha kukatwakatwa. Aprili 2017 waandishi wa Bloomberg wakazichukua pakiti zile wakazikamua kwa mikono. Juisi ikatoka karibu kiasi kilekile. Ilipofika Septemba, kampuni ikafunga milango. Mwanamke yeyote wa Pwani mwenye kifumbu cha kukamulia tui angewaeleza mapema, wala asingewatoza ada ya ushauri. Baadaye ikaja AI Pin ya kampuni ya Humane, kibanio cha kubandika kifuani ili usisumbuke kutoa simu mfukoni: dola 699, na juu yake dola 24 za kila mwezi. Kiliwafikia wateja Aprili 2024. Tarehe 28 Februari 2025 huduma zake zikazimwa, kikabaki pambo la koti. Hakikufikisha hata umri wa mbuzi wa udhiya.

Lakini hao angalau walikufa. Ya kuogopwa zaidi ni kero inayotengenezwa na yuleyule anayekuuzia dawa yake. Mwaka 2016 Apple iliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7, na mwaka huohuo ikaleta AirPods, visikilizio visivyo na waya, kwa dola 159. Waya wa zamani ulikuwa na visa vyake, ulijifunga mafundo mfukoni kama vile umelogwa, ila ulikuwa na fadhila moja: sikio la kushoto halikuweza kupanda daladala ya Mbagala peke yake na kukuacha umesimama Posta. Mwaka 2020 chaji nayo ikaondolewa kwenye boksi la iPhone 12, tukaambiwa ni kwa faida ya mazingira. Samsung wakafanya mzaha mitandaoni; miezi michache baadaye Galaxy S21 ikaja bila chaji, na mzaha ukafutwa kimyakimya. Boksi la iPhone lilikonda, bei yake haikukonda. Ndiyo maana bei iliyobandikwa dukani ni mahari tu. Shughuli yenyewe bado. Kuna kava, kuna protekta, kuna chaji, kuna waya mpya kwa sababu wa zamani hauingii, na ule wa zamani unakwenda kuungana na nduguze katika droo ambayo kila nyumba inayo, yenye nyaya kumi na moja, na hakuna hata mmoja unaofaa unapohitajika. Saa za mkononi za kisasa nazo zimo humuhumu. Unainunua, unaichaji kila jioni kama mtoto anayenyonya, halafu asubuhi inakuarifu kwamba hukulala vizuri. Habari hizo jogoo wa jirani alikuwa akizitoa bure.

Tumrudie mteja wetu wa Aggrey, maana tumemwacha amesimama na betri yake. Betri za lithiamu huchoka kwa kuchajiwa, hiyo ni kemia wala haina ushabiki. Ikichoka, simu inazima ovyo au inakuwa nzito, na mwenyewe anahitimisha kwamba simu imepitwa na wakati. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla. Baada ya kelele kuwa nyingi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Kilichofuata kinastahili kusomwa polepole. Januari 2019 Tim Cook aliwaandikia wawekezaji kueleza kwa nini mapato yangepungukia makadirio, na miongoni mwa sababu, nyuma ya mambo makubwa kama uchumi wa China, alitaja wateja waliochangamkia betri za bei nafuu. Huo ni ushahidi wa muuzaji mwenyewe, kwa barua yake mwenyewe, kwamba watu wakipewa dawa ya kero yao halisi huacha kununua dawa ya kero nyingine. Mteja wetu alihitaji betri, fundi mwaminifu, na ujasiri wa kufuta video 900 za "asubuhi njema" kutoka kundi la ukoo, zile zenye maua na njiwa, ambazo ndizo zinazojaza hifadhi yote.

Atainuka mtu aseme simu kuukuu ni hatari, na hapo nitakaa chini nimsikilize, kwa sababu ana haki. Simu isiyopokea tena masasisho ya usalama ni nyumba yenye kitasa kibovu, na siku hizi ndani ya nyumba hiyo kuna mshahara, kuna hela za kikoba, kuna picha ya kitambulisho. Pia kuna siku ambayo hushauriwi. Desemba 31, 2012 Dar es Salaam ilizimiwa matangazo ya analojia, na asiyekuwa na king'amuzi akabaki anatazama chenga. Januari 2025 WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4. Kero za namna hiyo hakuna aliyekuazima, zimekujia na hati ya kuhama. Ila mwenye hoja hii asiinyooshe ikapita mipaka yake. Google iliahidi masasisho ya miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Hofu ya usalama, basi, inamhusu mwenye simu ya mwaka 2014. Mwenye simu ya mwaka juzi yenye ahadi kama hiyo akiitaja, anaitumia kama mtoto anayeitaja homa asubuhi ya mtihani.

Imebaki hoja ambayo watu hawaitoi kwa sauti, nayo ndiyo nzito kuliko zote: heshima. Dunia yetu inampima mtu kwa simu, na kulikana hilo ni unafiki. Wakili anayetoa kiswaswadu mbele ya mteja wake atalipwa ada ya kiswaswadu. Nakubali. Tatizo ni kwamba heshima hii ina tarehe ya kuisha, na tarehe hiyo aghalabu huangukia Septemba, pale Apple inapotoa toleo jipya. iPhone 14 ya mwaka 2022 ilikuja na chipu ya A15, ileile ya jamii ya iPhone 13, na sura ambayo ungehitaji shahidi kuitofautisha na dada yake. Aliyelipia tofauti alilipia namba. Kisha akifika nyumbani huivalisha kava nene jeusi isije ikapasuka, na ile namba haionekani tena. Nenda kwenye kikao chochote cha harusi uone. Simu zimelazwa mezani kifudifudi, kamera tatutatu zikitazama dari, kila mmoja akijifanya hajaona ya mwenzake. Mweka hazina, ambaye ndiye anayepokea hela za wote, ana kitochi kilichofungwa kwa mpira wa manati. Umeme ukikatika katikati ya hesabu, simu zote za mezani ziko asilimia 4, na kikao kizima kinamgeukia: "Mzee, hebu tumulikie hapo."