Ni Nani Anayegonga Ukutani Saa Nane za Usiku? Mwongozo kwa Wakazi wa Thika na Ruiru

Boila za mvuke zinazopiga kelele Thika ziko viwandani. Nyumbani, kuanzia Makongeni hadi Membley, kelele zetu hutoka kwenye tangi la juu ya paa, pampu, mabomba na shawa ya stima. Kila kimoja kina sauti yake, na mwenye kusikiliza huokoa pesa.

Kwanza, zima televisheni na umwachilie jirani wa juu. Amelaumiwa vya kutosha kwa meza ambazo hajawahi kuzikokota. Andika saa ya kelele, na nani alikuwa akitumia maji. Fundi asiyepewa habari hizo atabadilisha washa za mifereji yote, na bili ni yako.

Sasa sikiliza. Ukisikia "dum!" moja mara tu mfereji unapofungwa, hakuna jini. Maji yalikuwa mbioni, ukayafungia mlango ghafla, nayo yakarusha wimbi la mshindo kinyumenyume. Katika bomba la chuma wimbi hilo hukimbia zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde. Funga mfereji polepole. "Dum" ikinyamaza, umeshajua ugonjwa, na dawa ni kulifunga bomba vizuri ukutani lisichezecheze. Usiupuuze mshindo huo, kwa maana ndio unaolegeza viungio hadi dari ya mwenzako wa chini ianze kuvuja.

Mfereji ukikohoa na kutema baada ya mgao, huo ni upepo. Bwawa la Karimenu II kule Gatundu Kaskazini lilijengwa kwa ajili ya watu wa Ruiru na Juja, lakini maji yawe ya bwawa au ya kisima, bomba lililokauka hujaa hewa. Fungua mfereji kidogo tu na uiache itoke yenyewe. Ukiwa hapo itazame mita: hewa nayo huizungusha. Hilo linaniudhi kweli, maana unalipia upepo.

Pampu ndiyo msemaji mkuu. Ikiunguruma kama inayosaga kokoto, haipati maji ya kutosha. Inavuta kwa nguvu, shinikizo linashuka, vipovu vya mvuke vinazaliwa ndani ya maji baridi, kisha vinapasuka juu ya mapanga yake na kuyala kidogokidogo. Kumbe mvuke nyumbani tunao! Angalia kina cha tangi, safisha chujio, kagua kama bomba la kuvutia linaingiza hewa. Ikinguruma tu bila kuzunguka, izime mara moja kabla koili haijaungua.

Na ile inayowaka na kuzima usiku kucha ilhali wote mmelala? Funga valvu iliyo baada ya pampu. Ikitulia, maji yanavuja ndani ya nyumba, na mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo. Limiminie kahawa nyeusi (Ruiru, mji uliotupa mbegu ya Ruiru 11 mwaka wa 1985, hauwezi kukosa kahawa), usivute maji kwa nusu saa, kisha chungulia bakuli. Likiwa na rangi, umemkamata mwizi. Pampu ikiendelea kuwaka hata valvu ikiwa imefungwa, ubovu uko upande wa pampu, kabla ya valvu.

Kwenye shawa ya stima, utani naupunguza. Shawa nyingi hutegemea msukumo wa maji kuunganisha stima. Anayekaa ghorofa ya juu, mita tatu chini ya tangi, ana msukumo wa takriban baa 0.3, ndiyo maana shawa husema "ta-ta-ta" ikiwaka na kuzima. Kila "ta" ni cheche inayochoma viunganishi. Mwambie mwenye ploti ainue tangi au aweke pampu. Hilo ni jukumu lake, si fadhila.

"Chrrr" yenye harufu ya plastiki ni jambo jingine. Shawa ya wati 5,000 huvuta zaidi ya ampea 20, na waya uliolegea hauwezi kubeba mzigo huo bila kuungua. Ukiisikia, au maji yakikupiga shoti, toka bila kugusa mfereji, kausha mikono, zima swichi kuu, kisha mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi. Mpaka afike, chemsha maji jikoni uogee beseni.